Dadangu ana kazi ya kudumu kaunti na bado anataka kwenda Uingereza. Hawa manesi wanakimbia nini hasa?

Dereva_Likoni

Habari zenu wandugu. Naomba manesi na wale wanaoishi na manesi mnisaidie kuelewa hii kitu maana mimi naendesha matatu, mambo ya hospitali nayajua nikiwa mgonjwa tu.

Dadangu mdogo ni nesi. Alisoma KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, akamaliza, akakaa nyumbani bila kazi mpaka mamangu akaanza kusema bora angesomea ushonaji. Mwisho Mungu akajalia akapata kazi serikali ya kaunti, tena si kibarua wala mkataba, ni ajira ya kudumu yenye pensheni. Tulichinja mbuzi. Sasa mwaka huu namkuta usiku anajisomea mtihani wa Kiingereza, namuuliza wa nini, ati anataka Uingereza, na Uingereza ikikataa hata Saudia ataenda. Nikamwambia kwani mshahara hautoshi? Akanijibu "kaka si mshahara peke yake" kisha akanyamaza, akaenda zake kulala manake alikuwa na zamu ya usiku.

Asiye na kazi akitaka kwenda nje hapo naelewa kabisa, sina swali. Lakini mwenye kazi ya kudumu? Kazi ambayo watu wanahonga waipate? Ana watoto wawili, mumewe yuko bandarini na analipwa vizuri tu. Halafu mama yetu ana sukari na huyu ndiye anayemsimamia sindano na dawa zake, sisi wengine hatujui hata pa kuanzia.

Nimpinge ama nimuunge mkono? Msinitukane, nauliza kwa nia njema.

Zamu_ya_Usiku

Kaka Dereva, mimi ni nesi kutoka Kilifi, sa hizi niko Uingereza maeneo ya Midlands, na niliacha kazi ya kudumu vilevile kama anavyotaka dadako. Wacha nikwambie kile ambacho pengine hakutaka kukwambia akiwa amechoka.

Nilikuwa wodi ya kina mama waliojifungua. Usiku tuko manesi wawili. Ikitokea rufaa mmoja wetu anapanda ambulensi na mgonjwa, mwenzake anabaki peke yake hadi asubuhi, kina mama wawili wawili kitanda kimoja na vichanga vyao. Stima ikipotea nabana simu kwenye meno inimulikie, natafuta mshipa wa kichanga nimtie branula, ile sindano ya kuwekea drip. Glavu zimeisha, namwandikia mume wa mtu akanunue duka la dawa nje ya geti, anatoka akinitukana kwa sababu anaamini zilikuwepo na mimi ndiye niliyeziuza. Mtoto akifa, wa kusimama mbele ya ile familia ni mimi, waziri wa afya wa kaunti hayuko hapo wala mkuu wa stoo hayuko. Na kinachokula roho ni kwamba unajua la kufanya, umelisomea, mikono iko, kitu cha kufanyia hakuna. Ukirudi nyumbani asubuhi mtu akikusalimia unaitikia tu, ukimya kama huo wa dadako naujua.

Pesa nayo ipo tusidanganyane. Mshahara wenyewe ukiuona kwenye karatasi si mbaya ukilinganisha na mwalimu, lakini toa PAYE ya kodi ya mapato, toa SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, toa tozo ya nyumba asilimia 1.5, toa NSSF ya uzeeni, toa mkopo wa Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, halafu kaunti inakwambia pesa hazijatoka Nairobi mwezi huu subirini. Sacco haisubiri.

Lakini pia asije akadhani huku ni peponi. Nesi anaanza ngazi ya mshahara inayoitwa bendi ya 5, mwaka 2025 ilikuwa paundi 31,049 kwa mwaka, ukitoa kodi na pensheni unabaki na karibu elfu mbili kwa mwezi, na kodi ya nyumba ya chumba kimoja inakula karibu nusu yake hata nje ya London. Na kitu kilichoniuma mimi kuliko baridi ni hiki: nyumbani nilikuwa nazalisha, nashona, naweka drip, wodi nzima ilikuwa mikononi mwangu. Hapa uuguzi na ukunga ni sehemu mbili tofauti za rejista, kwa hiyo mama akishikwa na uchungu mbele yangu naita mkunga. Branula yenyewe nilizuiwa mpaka nikafanyishwa mafunzo nikasainiwa. Nilijihisi mwanafunzi tena na umri huu.

Ubaguzi upo. Kuna mzee alikataa nisimguse, ati aletewe nesi mwingine. Sista wa wodi akamwambia nesi wako leo ni huyu, usipomtaka utangoja mpaka kesho. Alingoja kama saa moja hivi kisha akaniita mwenyewe, kiu imemshika.

Mchana nina wagonjwa 8. Wenzangu wa hapa wanalalamika 8 ni wengi, na mimi siku hizi nalalamika nao 😂

Mzalendo_Halisi

Hawa ni wasaliti tu kwisha maneno. Kodi yetu imewasomesha halafu wanaenda kuosha wazee wa wazungu. Serikali ingewafunga miaka 10 ya kufanya kazi hapa kabla ya kupewa pasipoti

Zamu_ya_Usiku

@Mzalendo_Halisi kodi yako gani? Karo ya KMTC alilipa mamangu, aliuza ng'ombe. Na nilipomaliza nilikaa nyumbani serikali ikijua niko, leseni ninayo, nalipia kila mwaka, haikuniita. Kufungwa miaka 10 kwenye kazi ambayo haipo kunafananaje?

Mkunga_Mstaafu

Nyamazeni kidogo nami niseme, nimestaafu na muda ninao.

Mwanangu Dereva, nimefanya kazi hii tangu hospitali zote zikiwa chini ya Nairobi. Mwaka 2013 afya ikapelekwa kaunti. Sisemi ugatuzi ni mbaya, zahanati zilijengwa na nyingine ziko karibu na watu kuliko zamani. Lakini kwa nesi ilimaanisha hivi: zamani ukiolewa mbali unaomba uhamisho unafuata mume, ukitimiza miaka unapanda cheo. Baada ya hapo kila kaunti ikawa kama nchi yake. Nina wenzangu walikaa ngazi moja ya mshahara miaka kumi mizima, cheti wameongeza, digrii wamechukua, barua ya kupandishwa haiji. 2017 tukagoma, kuanzia Juni mpaka Novemba, miezi mitano. Mshahara ulikatwa, watu walikufa na tukalaumiwa sisi, na tulichosaini mwishoni kuna kaunti zilichukua muda mrefu kukitekeleza. Mimi naona huo mgomo ndio uliovunja watu mioyo. Kabla ya 2017 nesi mwenye kazi ya kudumu kusema anahama nchi ilikuwa habari, baada yake ikawa mazungumzo ya chai.

Sasa swali lako la mwenye kazi, watu wengi hawalioni. Serikali hutuambia tuna manesi wengi hawana kazi, kwa hivyo tuwapeleke nje, faida kwetu na kwao. Ndiyo hoja ya ule mkataba na Uingereza wa Julai 2021, Uhuru alipokwenda London. Ukisikiliza unaona mantiki. Lakini mwanangu, mwajiri wa ng'ambo hamtaki yule aliyemaliza chuo juzi. Anataka wa ICU, wa thieta, wa mashine ya figo, wa watoto njiti. Yaani anamtaka yule aliye kazini. Kwa hiyo anayeondoka ni dadako, na yule binti wa jirani aliyekosa kazi anabaki palepale amekosa kazi. Utasema basi si nafasi ya dadako itachukuliwa na huyo binti? Ingekuwa hivyo ningenyamaza. Nafasi inakaa wazi, bajeti ya mishahara kaunti imejaa, na wakiajiri wanaajiri kwa mkataba. Wale wa UHC, mpango wa afya kwa wote, wa 2020 waliletwa kwa mkataba wa miaka mitatu na mshahara wa chini kuliko mwenzake anayegeuza mgonjwa naye upande wa pili wa kitanda hichohicho, wakaishia barabarani na vuvuzela wakidai ajira ya kudumu.

Wodi yangu ya mwisho walitoka watatu ndani ya mwaka, na wote watatu ndio waliokuwa wakiwafundisha wanafunzi. Hapo ndipo hasara ilipo. Namba ya manesi waweza kuijaza, lakini yule anayemwangalia mama usoni akajua huyu anavuja damu ndani kabla ya presha kushuka, huyo unamtengeneza miaka.

Simlaumu dadako lakini. Sijawahi kumlaumu hata mmoja.

Kijana_wa_Nyanda

Dah wakuu wa Kenya mna bahati mnalalamika mkiwa na kazi. Mimi ni muuguzi Tanzania, diploma, leseni ya Baraza la Uuguzi ninayo hai, nipo Mbeya huku najitolea. Kujitolea maana yake unaingia zamu kama wengine, unalaza wagonjwa, unatoa dawa, mwisho wa mwezi unapewa hela ya nauli wakikumbuka. Vibali vya ajira vikitangazwa tunajaa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira mpaka unagoma kufunguka, unaitwa usaili Dodoma, unakopa nauli, mnakuta umati ule nafasi zenyewe chache, unarudi.

Sasa sikilizeni kichekesho. Nikasema basi na mimi niende Uarabuni. Ajenti akaniambia leta uthibitisho wa uzoefu wa miaka miwili. Nikampelekea barua ya kujitolea. Akasema hiyo siyo ajira, hakuna mkataba, hakuna salary slip. Kwa hiyo sina kazi kwa sababu sina kazi. Alichosema mama hapo juu nimekielewa mpaka mifupani.

Halafu Tanzania tupo kwenye ile orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, ile ya 2023 yenye nchi 55, kwa hiyo waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kututafuta huku. Wenyewe wanasema ni kutulinda. Sasa uhaba upo kweli, zahanati nyingine ina mhudumu mmoja, na mimi nipo hapa mtaani na leseni. Analindwa nani?

Zamu_ya_Usiku

@Kijana_wa_Nyanda pole mdogo wangu. Ila elewa vizuri, kinachokatazwa ni wao kuja kukutafuta au ajenti kukuletea. Wewe mwenyewe ukiliona tangazo la kazi ukaomba moja kwa moja kwa hospitali hakuna anayekuzuia. Ni ngumu, sikudanganyi, lakini mlango haujafungwa.

Binti_Berlini_Kesho

mimi nafuata njia ya ujerumani jameni, niko nairobi, nimeacha IELTS, ule mtihani wa kingereza, kwa hasira. makubaliano ya uhamiaji yalisainiwa berlin septemba 2024 mbele ya Ruto na Scholz, kansela wa ujerumani wakati huo, tangu hapo darasa la kijerumani limejaa manesi na walimu mpaka viti vinaletwa kutoka chumba kingine. kwa nesi aliyesoma tayari unafika kiwango cha B2 cha kijerumani ndio cheti chako kitambulike vizuri, na huenda ukafanyishwa mtihani wa kulinganisha ama mafunzo kidogo hospitalini kwao, au kama uko tayari kuanza upya unaenda kusoma uuguzi kwao miaka mitatu huku unalipwa posho. rafiki yangu amechagua hio ya kuanza upya na tayari ni nesi wa miaka mingi, nikamwambia wewe ni mwehu, akasema bora nianze upya nikilipwa kuliko kumaliza nikidai

na kuhusu ile mtihani ya kingereza watu walicheka sana 2021 kagwe, waziri wa afya wakati huo, aliposema kati ya manesi 300 wamepita 10. cheka tu lakini tangu darasa la kwanza hadi chuo tumesoma kwa kingereza, ripoti ya mgonjwa tunaandika kwa kingereza. kinachoangusha ni ile sehemu ya kuandika insha, unapewa saa moja uandike mambo mawili, moja unaeleza grafu, ingine unatoa maoni kuhusu kitu hujawahi kukifikiria. na unafanya ukitoka zamu ya usiku

Ummu_Jidda

Assalam alaykum. Naona Saudia imetajwa kama jehanamu ya akiba ("hata Saudia ataenda") nikacheka. Mimi ni Mmombasa, nesi, niko Jidda. Kaka usichanganye nesi na dada wa kazi za ndani, zile video mnazoziona WhatsApp ni kweli na zinaumiza, lakini sisi tuna leseni, tunafanyiwa uhakiki wa vyeti DataFlow, tunafanya mtihani wa leseni wa Prometric, mkataba uko na hospitali wala si na mwenye nyumba. Nyumba ya bure, usafiri wa kwenda kazini, tiketi ya likizo, na hakuna kodi ya mapato, riyali unayoiona ndiyo unayoishika.

Ubaya wake. Watoto hutakuja nao kwa kawaida, mikataba ya nesi ni ya mtu mmoja. Na mshahara unategemea pasipoti, wallahi, zamu moja, wodi moja, kazi moja, Mkenya na Mfilipino na Mwingereza kila mmoja na kima chake na kila mtu anajua. Pia huku hakuna kusema nikae nizeekee hapa, mkataba ukiisha unahesabu tena. Wengi wetu tunajenga nyumba Mtwapa, tunasomesha, tunatafuta mtihani wa Marekani kwa pembeni. Dadako akiwa na watoto wadogo Uingereza inamfaa zaidi. Akiwa anataka kumaliza deni haraka aje huku.

Na ajenti akimdai mamilioni ya kumtafutia kazi, akimbie. Hospitali ya maana inamlipa ajenti yenyewe.

Dereva_Likoni

Aisee. Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Hilo la kubana simu kwenye meno nimemuuliza jana, akaniangalia akasema "nani amekwambia?"

Sasa nauliza ya vitendo. Huyu wa Midlands, gharama zikoje? Na mume wa dadangu akimfuata atafanya kazi ama atakaa kupika? Na nimesikia Uingereza wamefunga viza.

Zamu_ya_Usiku

Iliyofungwa kwa wanaotoka nje ni viza ya walezi wa wazee, Julai 2025, na hao tayari tangu Machi 2024 walikuwa wamekatazwa kuleta familia. Nesi ni kundi lingine. Mumewe anaruhusiwa kumfuata na kufanya karibu kazi yoyote. Ila zamani ukikaa miaka 5 unaomba ukaazi wa kudumu, serikali ya huku Mei 2025 ikatangaza inataka iwe 10, kwa hiyo apige hesabu ya mbali.

Gharama za NMC, baraza la manesi na wakunga la huku, mwaka 2025 zilikuwa: kufungua tathmini paundi 140, mtihani wa kompyuta wa CBT 83 na huo anaufanyia huko Kenya, kusajiliwa 153. OSCE, mtihani wa vitendo, ndiyo ilikuwa ghali, 794, na inafanyiwa huku, vituo 10 unapita kimoja kimoja na saa inahesabu, ukianguka mara tatu unangoja miezi sita. Hospitali nyingi za huku zinalipia OSCE na tiketi. Hapo ndipo asome mkataba mpaka mstari wa mwisho: nyingi zinasema ukiondoka kabla ya muda fulani unarudisha pesa. Kurudisha kwa kupungua kadiri unavyokaa ni sawa. Akiona anadaiwa kiasi kilekile hata akikaa karibu muda wote, asisaini. IELTS anatakiwa 7 kila sehemu isipokuwa kuandika 6.5, na kama insha za grafu zinamsumbua ajaribu OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, kule unaandika barua ya rufaa ya mgonjwa, kitu anachokifanya kila siku.

Na asiache kazi! Aombe likizo bila malipo kaunti. Mambo yakimwendea vibaya arudi kazini kwake.

Mkunga_Mstaafu

Hapo kwenye likizo bila malipo, mwanangu wa Midlands, ngoja nikwambie upande wa pili. Mimi nilikuwa naandaa orodha ya zamu. Wodi yangu kwenye makaratasi ilikuwa na manesi kumi na kitu. Ukihesabu waliosimama kwa miguu, sita. Wengine wako likizo bila malipo, jina lipo, nafasi imeshikwa, ukiomba mtu kaunti wanafungua faili wanakwambia mbona mmejaa. Sisi tuliobaki ndio tulifanya zamu zao.

Dereva_Likoni

Sasa mama nimwambie nini? Aache kazi kabisa ili nafasi iwe wazi?

Mkunga_Mstaafu

Nafasi ikiwa wazi hawaajiri, nimekwisha sema. Mwambie aombe likizo. Ningekuwa na umri wake ningeomba.

Na hiyo sindano ya mamako, kabla hajaondoka wewe na huyo shemeji mkae chini awafundishe: kuchanganya dawa kwa kugeuza kichupa polepole bila kukitikisa, kubadilisha mahali pa kuchoma, dalili za sukari kushuka na cha kumpa haraka. Insulini ikae mlangoni mwa friji, isikae kwenye friza. Usingoje wiki ya safari, wiki ya safari hakuna anayesikia kitu.

Kijana_wa_Nyanda

Dada wa Midlands samahani, hayo matangazo ya kuomba moja kwa moja yanapatikana wapi? Nitumie inbox, bando langu linaisha saa sita.